Usinilipie Ng'ombe wa Maritim

Chelangat mwanangu,

Mjomba wako Wesley ametoka hapa sasa hivi, na chai yake ameiacha nusu kikombe kwa sababu nilimwambia maneno ambayo hayafai kuandikwa. Alikuja na fomu ya mkopo. Jina lako liko juu, sahihi yako iko chini, na katikati kuna nafasi ya shahidi ambapo alitaka nitie sahihi mimi. Ni mkopo wa kukatwa kwenye mshahara, wa miaka sita, wa kunimalizia deni langu lote kwa mpigo mmoja. Unangoja tu payslip yako ya kwanza. Kesho unaondoka kwenda Kitui kufundisha, na mimi baba yako nimejua leo, tena kutoka kwa shemeji, kwamba umekwisha kuwekwa rehani kabla hujashika chaki.

Nimekasirika. Nakuandikia kwa sababu ukirudi kutoka sokoni Kaplong na hizo ndoo na hiyo neti nitapiga kelele. Nikipiga kelele wewe hulia, na ukilia mimi hunyamaza, basi mambo yanabaki pale pale. Tumekuwa hivyo tangu ukiwa darasa la pili. Karatasi hailii, na mvua hii ya mawe imenifungia ndani, kwa hiyo nina nafasi ya kusema mpaka mwisho.

Mambo ya kula vizuri, kufunga mlango na kuchagua kanisa, mama yako atakuambia. Ameshaanza tangu Jumatatu. Mimi nina jambo moja tu: hiyo fomu usiipeleke.

Nikuambie alivyosema Wesley, ili usidhani nakuzulia. Alikaa kwenye kile kiti chako, akaweka fomu juu ya Biblia ya mama yako, akatabasamu.

"Shemeji, Mungu amejibu. Mtoto amepata kazi ya payslip. Sisi kama familia tulikaa Jumapili baada ya kanisa, tukaona hii maneno ya kulipa deni kupitia serikali iishe. Watu wanaongea. Dawa ya deni ni kulipa."

"Na mimi nafanya nini kila mwezi?" nikamuuliza. "Si ninalipa?"

"Unalipa pole pole kama mzee wa pensheni. Kesho wakwe wakikuja kwa koito ya huyu msichana, tuwaambie nini? Ati baba yake ako chini ya msimamizi?"

Kwanza, sijui posa gani hiyo, labda mmeshanipangia na mahari. Pili, nikavaa miwani nikaisoma fomu. Kiasi kilichoandikwa pale ni karibu mara mbili ya deni nililobakisha. Nikamuuliza Wesley hiyo nusu nyingine ni ya nani. Akakuna shingo. Akasema, "Si hapo ndani tumalizie pia na paa yangu kidogo, shemeji. Riba ni ile ile."

Hapo ndipo yalipotoka yale maneno ambayo hayafai kuandikwa.

Uliisoma, Chelangat? Au ulitia sahihi mahali alipoweka kidole? Wewe mwenye digrii, uliyenisahihisha barua zangu za kiwandani tangu ukiwa kidato cha kwanza! Najua ulichofikiri. Ulifikiri, baba amechoka, wacha nimtue mzigo. Moyo wako ni mzuri na nimeukasirikia. Sasa nisikilize, kwa sababu huujui huo mzigo. Ulikuwa chuoni, na sisi hapa nyumbani tulikuficha kama kawaida yetu ya kuficha.

Unaijua ile pikipiki ya maziwa. Nilipoinunua niliwaambia nyote kwamba nimeilipia na bonasi. Uongo. Bonasi ilikuwa bado miezi minne. Nilikuwa nimechukua mkopo kwenye sako ya wakulima nikitegemea bonasi ya chai, ile inayolipwa mara moja kwa mwaka, kama kila mwanamume wa kijiji hiki anavyofanya, tunakula bonasi ikiwa bado ni majani kwenye mti. Nikapiga hesabu kwa bonasi ya mwaka uliotangulia. Ilipotangazwa mpya, wazee walitoka kwenye mkutano bila kuagana. Ilikuwa ndogo mpaka karani aliyekuwa akiisoma alishusha sauti.

Basi nikakopa kwingine kulipa sako. Mkopo wa simu mmoja, halafu wa pili wa kulipa ule wa kwanza. Halafu yule mkopeshaji wa Sotik anayeshika kitambulisho cha mtu. Mbolea nikaichukua kwa mkopo kwa Mama Njoki mwenye duka la dawa za mifugo na pembejeo. Mwisho nikamwambia mama yako anitolee pesa kwenye chama chao cha akina mama, na akatoa kwa jina lake, kwa kuniamini. Hao ni sita. Kukopa harusi, kulipa matanga, na mimi hata hiyo harusi sikuiona. Pikipiki iliharibika injini mwaka huo huo.

Wale wa simu walimpigia mchungaji. Wakampigia karani wa kituo cha majani, mbele ya watu wote na magunia yao, wakamwambia anifahamishe kwamba mimi ni mwizi. Nikaanza kupeleka majani kwa namba ya ukulima ya shangazi yako ili sako isinikate malipo. Nilikuwa natoka shambani kwangu na majani yangu mwenyewe, nayapima kwa jina la dada yangu. Hebu fikiria baba yako, mzee wa kanisa, akijificha na chai aliyoipanda baba yake.

Hayo yote ningekuambia hata mezani. Ninayokuja kusema sasa sijamwambia mtoto wangu yeyote.

Unamkumbuka yule ng'ombe mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji, uliyemkamua likizo zako zote? Hakuwa wetu. Alikuwa wa Maritim, rafiki yangu niliyeingia naye jandoni. Alimleta hapa kwa ile desturi yetu ya kimanagan. Mtu anaweka ng'ombe wake kwa rafiki, rafiki anakunywa maziwa na kutumia samadi, ndama ni wa mwenyewe. Hakuna karatasi, hakuna shahidi, hata mkono hamshikani. Ukimwandikia mtu kimanagan ni kama umemtukana. Maritim alimleta mwaka aliozaliwa mdogo wako, kwa sababu alijua nyumba yangu haina maziwa. Hakusema hivyo. Alisema kwake nyasi zimepungua.

Nilimuuza. Nilimpeleka soko la Soin, mbali, ambako hakuna anayenijua, pamoja na ndama wake wawili. Mama yako alisimama kwenye lango la zizi akaniambia, "Huyo si wetu." Nikamwambia anyamaze. Siku zote za ndoa yetu sijawahi kumwambia hivyo, na siku hiyo nilimwambia mara mbili.

Pesa zile zilimtuliza mkopeshaji wa Sotik kwa muda mfupi tu. Kisha nikaenda kwa Maritim nikamwambia ng'ombe amekufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, na ndama wakamfuata. Ngozi ndiyo ushahidi, tangu zamani. Mnyama wa mtu akifia kwako, unapeleka ngozi. Maritim alikuwa na haki ya kuniuliza iko wapi. Aliniangalia, akasema "Pole sana," akanipa chai. Hakuomba ngozi.

Nimewachukia watu wengi katika maisha yangu, lakini hakuna niliyemchukia kama mtu yule aliyekunywa chai ile.

Aliyeniokoa ni Odhiambo, yule karani wa ofisi kiwandani ambaye watu wa hapa humwita mgeni ingawa watoto wake wote wamezaliwa hapa. Alikuwa ameona majina na namba za majani, hakuna kinachompita.

"Mzee, wewe unakimbia kimbia hapa kama kuku amekatwa kichwa," akaniambia. "Utauza shamba bure. Kuna njia ya sheria. Si lazima utangazwe mufilisi."

Alinieleza pale nje ya ofisi, akichora kwa fimbo kwenye mchanga. Ukitangazwa mufilisi, mali yako inashikwa na mtu mwingine, inauzwa, na shamba la chai linaondoka. Lakini kama madeni yako si makubwa sana, na kuna kitu kinachoingia kila mwezi, unaweza kuiomba serikali amri ya kulipa kwa awamu. Unaandika wadai wako wote kwenye karatasi moja, unaandika na mapato yako yote. Anawekwa msimamizi. Kila mwezi unatoa kiasi unachoweza, anawagawia wote kwa usawa, na muda huo hakuna anayeruhusiwa kukuletea dalali. Shamba linabaki lako na kazi inabaki yako.

"Lakini uandike yote," Odhiambo akasema. "Wote, mzee. Ukificha mmoja, hiyo kitu inaanguka."

Nilienda. Afisa niliyemkuta alikuwa msichana wa rika lako, kalamu nyuma ya sikio. Niliandika sako, simu mbili, mkopeshaji, Mama Njoki, chama. Nikarudisha majani yangu kwenye namba yangu, nikayaandika. Akahesabu kwa kidole.

"Ni hao tu, mzee?"

"Ni hao tu."

"Hakuna mwingine? Hata mtu wa familia, hata rafiki?"

"Hakuna."

Sikuwa namdanganya yule msichana, ndivyo nilivyojiambia. Karatasi yake ilikuwa ya madeni, na kimanagan si deni. Kimanagan ni urafiki, serikali inajua nini kuhusu ng'ombe wa Maritim? Nilitumia desturi ya baba zangu kama nguo ya kujifunikia. Hata sasa najikasirikia nikikumbuka jinsi nilivyoona nimefanya jambo la heshima.

Mpango ukaanza. Kila mwezi pesa za chai zikiingia, napeleka. Simu zikanyamaza. Mkopeshaji wa Sotik alirudisha kitambulisho changu kwa vidole viwili. Nikaanza kuketi mbele tena kanisani. Mwaka mzima nilikuwa nalipa watu sita kwa uaminifu, hata shilingi haipotei, na wa saba alikuwa anaishi ng'ambo ya kijito na ananisalimia kila siku.

Halafu Maritim akaugua mgongo, akalazwa. Mke wake akapita nyumba kwa nyumba na daftari la mchango. Alifika hapa akasimama kwenye ngazi, hakutaka hata kuingia asitusumbue. Nilitoa noti ya mia mbili. Akaniandika, akasema, "Asante sana, baba Chelangat, Mungu akuongezee." Alipofika langoni, mama yako alitoka jikoni. Alichukua kibuyu cha maziwa ya mursik kilichokuwa kimebaki, cha pekee, akamkimbilia yule mwanamke akampa. Kisha akarudi akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimechoka kuishi na mtu aliyekufa kwa ndigana."

Kesho yake nikapanda gari kwenda kwa afisa.

Alinikaripia, na alikuwa na haki. "Mzee, nilikuuliza mara ngapi? Unajua hii naweza kuifuta? Unajua hao wengine wanaweza kusema ulidanganya, tuanze na kukufilisi?" Nikasema najua. Akauliza nina ushahidi gani wa hilo deni. Nikasema sina, hakuna karatasi, hata mwenyewe hajui kama anadai. Akaiweka kalamu mezani. Nadhani hajawahi kuona mtu amefunga safari kwenda kujiongezea deni.

Wadai waliitwa. Ilikuwa wakubali au wakatae, kwa sababu akiingia mtu mwingine, fungu la kila mmoja linapungua na miezi inaongezeka. Mama Njoki ndiye aliyewaka kuliko wote. "Mimi nimengojea pesa ya mbolea mpaka nimezeeka, sasa nigawane na ng'ombe? Ng'ombe yenyewe sikumwona!" Alipiga meza. Kisha akauliza ng'ombe alikuwa wa nani, akaambiwa ni wa Maritim. "Huyo mzee hajawahi kubaki na deni langu hata la chumvi ya ng'ombe. Haya, andikeni. Lakini wewe," akaninyooshea kidole, "wewe sikusamehe leo."

Maritim alikuja na fimbo, mgongo haujanyooka. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema nimemuuza ng'ombe wake na ndama wake wawili, hawakufa. Nilikuwa nimejiandaa anipige. Yeye alizungumza Kiswahili ili wote wasikie.

"Kama ungeniambia umeuza, ningenyamaza. Shida ni shida. Lakini uliniambia amekufa, na mimi nikakuonea huruma. Nililala nikifikiria vile umepoteza. Hiyo huruma yangu utarudisha na nini? Hiyo nayo iko kwa karatasi?"

Afisa aliandika jina lake, wa saba, na thamani ya ng'ombe mmoja na ndama wawili.

Sasa unaelewa mzigo unaotaka kunitua? Muda wetu uliongezwa. Nimebakiza mwaka huu na bonasi ya mwakani. Kila mwezi afisa akishagawa, mimi huvuka kijito nikamwambie Maritim kwa mdomo wangu kwamba fungu lake limeenda. Si lazima, pesa huingia kwenye simu yake. Miezi ya kwanza alinisikiliza mlangoni. Kisha akaanza kuniachia kiti barazani. Mwezi uliopita mke wake alileta chai, na Maritim akaniuliza kama majani yangu yamepigwa na mvua ya mawe. Hilo tu. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama yako kana kwamba nimealikwa ikulu.

Mjomba wako anataka kulimaliza hilo kwa siku moja. Niende nimwambie Maritim nini? Kwamba mtoto amenilipia, tusionane tena? Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi kifo kilikuwa kimekwisha kunishika shati. Huu mpango wa serikali ambao Wesley anauonea aibu ndio kitu cha kwanza katika maisha yangu nilichofanya bila kuficha. Aibu nilikuwa nayo zamani, wakati sako ilidhani nina pesa na mchungaji alidhani nina adabu. Sasa kila mtu anajua ninachodaiwa, na nalala.

Na wewe nimekukasirikia pia, usidhani nimesahau. Ulikaa na watu Jumapili mkanijadili kama ng'ombe mgonjwa, halafu ukarudi ukaniandalia ugali na hukusema neno. Umejifunza wapi huko kuficha? Najua wapi. Kwangu. Hilo ndilo limeniumiza kuliko paa ya Wesley.

Fomu sijaichana. Nilitaka, niliikunja mara mbili, lakini sahihi iliyo pale ni ya mtu mzima mwenye kazi yake na siwezi kuipasua kama daftari la mtoto. Iko ndani ya bahasha hii, nafasi ya shahidi iko wazi. Wesley amesema atakungojea stendi kesho asubuhi na shahidi mwingine, na mtu kama yeye hakosi shahidi. Kwa hiyo utaamua wewe, mbele yake, na mimi sitakuwepo kukusaidia kukataa.

Ila ujue hesabu yangu. Ukiupeleka huo mkopo, sitakuwa nimemaliza deni. Nitakuwa nimepata mdai wa nane, na nitamlipa, hata akikataa, kila mwezi kutoka kwenye majani yangu, mpaka miaka yako sita iishe au mimi niishe kabla. Wale saba nimejifunza kuwatazama usoni, mmoja mmoja, na ilinichukua muda. Nikidaiwa na wewe, mwanangu, sitaweza. Utakuja nyumbani Desemba, na mimi nitatoka kwa mlango wa nyuma.

Baba yako,
Arap Ng'eno